Mboga za Aabo

Ugonjwa wa baba yangu tuliugundua kwenye pipa la maji. Nyumbani kwetu Galbet, mtaa wa mji wa Garissa, maji yaliletwa na mkokoteni wa punda kutoka mtoni, yakamiminwa kwenye pipa la bluu lililokaa kivulini nyuma ya jiko, na mimi ndiye niliyeyagawa: haya ya chai na chakula, haya ya udhu, haya ya kufulia. Mwaka ule pipa likaanza kukauka kabla ya wakati wake. Nilidhani linavuja. Nikalilaza, nikalipapasa kote, nikapaka lami kwenye mshono. Mama aliwashuku mbuzi wa jirani. Tukalifunika kwa bati na kuweka jiwe juu, lakini maji yakazidi kupungua, mpaka asubuhi moja nikamkuta baba amesimama pale, jiwe amelisogeza, anakunywa kikombe juu ya kikombe kama mtu aliyefika kisimani baada ya safari ya jangwani.

"Aabo, una nini?" nikamuuliza.

"Kiu tu, aabo."

Kwetu Wasomali baba humwita mwanawe kwa jina lilelile ambalo mwana humwitia yeye. Mimi nilimwita aabo, naye akaniita aabo, na mgeni asiyejua angeshindwa kutambua nani mzazi na nani mtoto.

Siku chache baadaye mama aliniita nyuma ya choo, akanionyesha msururu wa sisimizi kwenye mchanga, mahali ambapo baba alikuwa akichutama kukojoa. Sisimizi hufuata sukari. Mama alikuwa amewahi kuona jambo hilo kwa kaka yake, na kaka yake hakuwa hai tena.

Nilikuwa nimerudi kwa wazazi wangu baada ya ndoa yangu kuvunjika, nafundisha Kiswahili na hesabu kwenye shule ya msingi iliyo karibu. Dada yangu alikuwa ameolewa Habaswein. Ndugu zangu wa kiume walikuwa mbali, Banissa, kwenye biashara ya mifugo, na tuliwaona mara chache. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya watu watatu: baba, mama na mimi. Aliyekuwa na miguu mizima ya kwenda hospitalini, sokoni na mtoni nilikuwa mimi.

Baba hakuwa mtu wa mjini. Alikuwa mfugaji wa upande wa Wajir, na ukame wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ulimmalizia ng'ombe wote. Ngamia wachache waliobaki akamwachia mdogo wake, yeye na mama wakaja Garissa. Mtu aliyetembea tangu utotoni akaketi juu ya mkeka. Alichofanya kutwa nzima ni kuswali, kusikiliza redio na kunywa chai ya maziwa yenye iliki, iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikawa kizito kukoroga.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana aliyetoka Kenya. Ndivyo tulivyokuwa tukisema wakati ule, kwamba ukivuka daraja la Tana unakwenda Kenya, na anayetoka ng'ambo ile anatoka Kenya. Alikuwa mpole. Alimweleza baba kwamba sukari imejaa kwenye damu, kwamba atapewa vidonge, lakini dawa kubwa iko jikoni. Apunguze wali, tambi na samli. Sukari aiache kabisa. Ale maharagwe, ugali wa mtama, na mboga za majani kila siku.

Nilikuwa namfasiria, lakini nilipofika kwenye majani baba akanizuia kwa mkono na kumjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni ambamo herufi ya p haikuwahi kukaa.

"Daktari, mimi habana kula majani. Mbuzi nakula majani. Mimi nakula mbuzi. Kwisha, majani nimekula."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi pia nilicheka. Tulitoka pale tukiwa na pakiti ya vidonge.

Tangu siku ile nikawa napika mara mbili. Tulikuwa na jiko moja la makaa. Nikitoka shule, kabla sijavua buibui, nilikuwa nashuka hadi kando ya mto, kwenye mashamba ya Wamunyoyaya, watu wa mtoni ambao wamelima pale tangu zamani. Mama mmoja wa huko aliniuzia mchicha, sukuma wiki na majani ya kunde, akavifunga kwenye jani bichi la mgomba ili visinyauke kabla sijapanda kurudi mjini. Kisha nyumbani. Kwanza sufuria ya baba: mboga, kitunguu, nyanya, mafuta kidogo sana, na ugali wa mtama pembeni. Halafu sufuria ya mama na wageni: wali, nyama, samli, kama ilivyokuwa kabla ya ugonjwa. Wageni hawakukoma. Watu wa ukoo waliokuja mjini kwa kesi, kwa hospitali, kwa kuuza ngamia, wote walifikia kwetu. Moshi uliingia kwenye nguo zangu ukakaa, hata watoto wa darasa la pili waliniambia, "Mwalimu, unanuka jikoni."

Baba alikaa mbele ya sahani yake kama mtu anayesubiri iondolewe. Alikula ugali, akasukuma mboga ukingoni, na nikigeuza uso aliita mbuzi.

"Mzee amekula leo?" mama wa mtoni alikuwa akiniuliza kila nikienda.

"Ameziangalia," nilimjibu.

"Akiangalia ni mwanzo mzuri."

Nilijaribu kila njia. Nilizisaga mboga nikazichanganya na mchuzi wa nyama. Alizitambua kwa harufu. Nilipika ambulo, zile kunde nyekundu tunazochemsha nusu siku mpaka zilainike, chakula alichokipenda sana. Lakini ambulo ya Wasomali hutiwa mafuta ya ufuta na sukari, na yangu haikuwa na sukari. Alionja kijiko kimoja akaniuliza ni nani amekufa.

Jambo gumu zaidi lilikuwa mama. Nilikuwa naficha mkebe wa sukari ndani ya sanduku la nguo zangu, lakini chai ya baba ilizidi kuwa tamu. Siku moja niliingia jikoni ghafla nikamkuta mama anafungua fundo kwenye ncha ya garbasaari yake, mtandio ule mrefu wa wanawake wetu, anamwaga sukari kwenye birika.

"Hooyo! Unataka kumuua?"

Hakushtuka. Alimwaga ile sukari yote, akakung'uta mtandio.

"Nimempa huyu mwanamume chai tamu tangu siku niliyoolewa," akasema. "Ng'ombe walipokufa sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Leo nimpelekee chai chungu, ataona hata mimi nimemchoka."

Nilichukua birika, nikaimwaga ile chai kwenye mchanga, nikapika nyingine, naye akakaa kwenye kigoda akaniangalia bila hasira. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, na kwa kweli, kama si daktari, ningemwachia baba ile tamu ainywe.

Ugomvi mkubwa ulikuja na mgeni. Mzee wa rika la baba, waliyechunga naye utotoni, alitutembelea alasiri moja. Nilileta birika mbili, ya mgeni na ya baba. Baba akapiga funda moja, akaweka kikombe chini.

"Unaona, ndugu yangu," akamwambia mgeni. "Ngamia wangu wako kwa mdogo wangu. Nyumba iko kwa binti yangu. Sasa na ulimi wangu pia amechukua."

Mgeni, kwa huruma, alimsogezea kikombe chake mwenyewe. Baba akakinywa chote huku akinitazama. Mimi nilikusanya vyombo nikatoka. Kesho yake, baada ya swala ya asubuhi, alipanda lori la kwenda Habaswein, na kutoka huko akaenda porini kwa mdogo wake, kwenye ngamia. Hakuaga. Vidonge vyake aliviacha dirishani.

Mama alilia. Mimi nililala. Jumamosi ile nililala mchana kutwa, na nilipoamka nilipika sufuria moja tu, wali, nikaula kutoka kwenye sufuria hiyohiyo bila kupakua. Nilimhofia baba, lakini mwili wangu ulikuwa umepata likizo.

Alikaa huko kiangazi chote. Salamu zilikuja kwa madereva wa malori: mzee yuko salama, mzee anatembea, mzee amewapeleka ngamia mbali kutafuta malisho. Aliporudi tulimwona akishuka kwenye lori mwenyewe, mwembamba, mgongo umenyooka. Aliomba maji, akanywa kikombe kimoja, kikamtosha. Nilimpeleka hospitalini siku ya pili, na yule daktari akapima damu, akapima tena.

"Mzee, sukari imeshuka vizuri sana! Umekuwa ukila nini huko?"

"Susa," baba akasema. Ni maziwa ya ngamia yaliyochachushwa. "Susa asubuhi, susa jioni. Sukari habana, duka iko mbali. Na kutembea." Kisha akanigeukia na kusema kwa Kisomali, taratibu, ili nisikose neno, "Na hakuna hata jani moja."

Daktari alisema kwamba kutembea ni dawa, na kuishi mbali na duka ni dawa pia. Alicheka, baba akacheka, nikajilazimisha kucheka nao. Njiani kurudi nilihesabu moyoni. Zile safari zangu zote za mtoni, moshi wote ule, na mtu amekwenda kupata nafuu nyuma ya mikia ya ngamia! Nilifurahi kwamba ni mzima. Lakini furaha yenyewe ilinikuta nimechoka, nayo haikuingia ndani sana.

Kitu ambacho hakuna aliyekiona, hata daktari, kilikuwa ndani ya kiatu chake. Baba alikuwa amerudi na mwiba kwenye unyayo. Ugonjwa ulikuwa umeshakula hisia za miguu yake, kwa hiyo hakuusikia ulipoingia wala jeraha lilipooza ndani. Mama ndiye aliyeona doa kwenye mkeka wa kuswalia. Tulipomgeuza mguu, ngozi ilikuwa nyeusi na harufu ikatupiga usoni.

"Hauumi," baba alisema kwa mshangao. "Wallahi, hauumi."

Alilazwa. Kidole gumba kilikatwa, na cha kando yake, na kipande cha unyayo. Nilikuwa natoka shule nampelekea chakula wodini kwenye hotipoti: maharagwe, mboga, ugali wa mtama. Alikula. Sikumlazimisha, sikumbembeleza. Aliosha mikono, akasema bismillahi, akala mboga mpaka sahani ikang'aa, macho yake ukutani.

Nyumbani ikawa vivyo hivyo. Mama naye, bila mtu kumwambia, alifungua sanduku langu akauchukua mkebe wa sukari akampa jirani. Akaanza kula kwenye sufuria ya baba. Siku hizo kazi yangu ilipungua nusu, nikawa nikipika mara moja kwa watu wote. Hata wageni walikula walichokikuta. Nilikuwa nimeyaomba haya kwa muda mrefu, na yalipokuja hayakuwa na ladha niliyoitarajia.

"Nikuongeze mboga, aabo?" nilimuuliza jioni moja.

"Ukitaka."

Neno hilo likanichosha kuliko ugomvi wote uliotangulia. Ningempa chochote anitukanie mchicha wangu tena.

Kisha zikaja zile mvua kubwa. Mama alikuwa amekwenda Habaswein kumwona dada yangu aliyejifungua, na mvua ikamfungia huko. Barabara zote zikawa ziwa. Tana ikapanda, ikatoka kwenye kingo zake, ikameza mashamba ya Wamunyoyaya yote, migomba ikabaki vilele tu juu ya maji mekundu. Malori hayakupita. Maduka yakaanza kuishiwa unga, mchele, mafuta. Sukari ndiyo iliyotangulia kwisha. Watu walikuwa wakitoka duka hadi duka wakiulizia, wakirudi mikono mitupu, wakinywa chai chungu nyuso zimekunjana.

Baba alikuwa amekaa mlangoni, mguu wake kwenye kigoda, akisikiliza majirani wakilalamika. Ghafla akaanza kucheka. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu atoke hospitalini.

"Umesikia, aabo?" akaniita. "Garissa yote imeshikwa na ugonjwa wangu!"

Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye tope. Nilicheka na kulia pamoja.

Mvua ilileta pia maradhi kwa mifugo. Mbuzi na kondoo walitupa mimba, wakafa kwa makundi, na tangazo likapita kwamba watu wasichinje. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona Wasomali wakiogopa nyama. Tukabaki na maharagwe ya msaada. Nilikwenda kumtafuta mama wa mtoni, nikamkuta shuleni, kwenye darasa walimohifadhiwa watu waliofurikiwa, amekaa kwenye dawati la watoto. Shamba lilikuwa limekwenda lote. Alichookoa ni nguo, sufuria na kitambaa cha mbegu. Alinimiminia kunde kwenye kiganja kabla sijaomba.

"Panda nyuma ya jiko," akasema. "Mvua hii imetunyang'anya vyote. Na kunde ituoteshee basi."

Nilimpelekea maharagwe yaliyopikwa siku iliyofuata, na siku nyingine nyingi. Kunde nilizipanda pale lilipokaa pipa. Ziliota haraka, na mbuzi wachache waliosalia mtaani, wenye njaa, wakazifuata. Baba akajipa kazi. Alijikokota na mkongojo wake, akaketi kwenye mkeka kando ya mistari ile, akiwafukuza mbuzi kwa mawe na matusi ya porini, yeye aliyetumia maisha yake yote kuwaongoza mbuzi kwenye majani. Majirani walikuja kumtania. Hakujali.

Baada ya maji wakaja mbu, na baada ya mbu ikaja homa. Asubuhi moja nilishindwa kuinuka. Mwili ulikuwa ukitetemeka, meno yakigongana, mifupa kama imepigwa kwa mchi. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilimwambia baba kuna maharagwe ya jana, ayapashe moto, kisha usingizi wa homa ukanichukua.

Nilipozinduka jua lilikuwa limeelekea magharibi na nikasikia kisu kwenye ubao. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Baba alikuwa ameketi sakafuni, mguu mbovu ameunyoosha mbele, anakata majani ya kunde. Aliyakata makubwa makubwa, hata vikonyo aliviacha. Sufuria ilikuwa jikoni inachemka. Nilikuwa nimesahau kwamba wanaume waliochunga ngamia hujipikia wenyewe miezi na miezi, mbali na wanawake. Sikuwahi kumwona akishika sufuria mjini.

Aliniletea sahani kitandani kwa kujikongoja, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kwenye sahani, mchuzi ukimwagikia kidole. Ugali ulikuwa na mabonge. Mboga zilikuwa na chumvi ya kutosha mji mzima na hazikuonja mafuta.

"Aabo, siwezi. Mdomo mchungu."

"Kula kidogo."

"Baadaye."

"Umenilisha vitu hivi mwaka mzima," akasema, akakaa pembeni ya kitanda. "Nilikuwa nikivitazama tu, unakumbuka? Wewe hukuchoka."

"Nilichoka, aabo," nikamwambia. "Nilichoka sana."

Alitazama mikono yake, iliyokuwa na rangi ya kijani kwenye kucha.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nikikuona ukipanda kutoka mtoni. Nilikuwa nasema moyoni, leo nitakula, binti wa watu amechoka. Halafu nikiiona sahani najiona mgonjwa, nakasirika."

Akamega ugali, akauchovya kwenye mboga, akanilisha kwa mkono wake kama mtoto. Nikatafuna. Chumvi ilinitoa machozi. Akala na yeye, tonge lake baada ya langu, mpaka tukamaliza.

Kisha akatoka na sufuria. Kupitia dirisha nilimwona ameinama uani, anaisugua kwa mchanga kama wanavyofanya huko porini, bila kutumia maji, taratibu, huku akiwakemea mbuzi. Nikavuta shuka, nikalala.